Ngoma Mbili kwa Sikukuu Moja

Jumapili, 11 Mei

Misa ya pili, kigango cha Nyamagembe. Pancha tena njiani. Nimefika nimeloa jasho, nikavaa alba juu ya suruali yenye vumbi. Mahubiri mafupi. Hakuna aliyelalamika.

Baada ya Misa, kikao cha halmashauri ya kigango. Mwenyekiti ni Mzee Ng'wandu, na huyo akisimama hakai upesi. Leo alisimama kuhusu vijana. Sikukuu ya somo wa kigango, Karoli Lwanga na wenzake, ni tarehe 3 Juni, na wazee hawataki kuona ngoma ya vijana hata karibu na altare. Ni kwa sababu ya mwaka jana. Mwaka jana mimi nilikuwa bado kwetu Umatengo, lakini nimesimuliwa mara nyingi hata najiona kama nilikuwepo. Vijana walikula pilau ya wageni kabla wageni hawajafika. Mmoja akatapika nyuma ya sakristia. Ngoma ikapigwa hadi paroko aliyenitangulia akakosa pa kupitisha pikipiki.

Kwa hiyo wazee wanataka umoja wa vijana uvunjwe na ngoma zifungiwe stoo. Nimekasirika, sikuficha. Nikawaambia hao ndio watu pekee wanaoingia kanisani humu bila kusukumwa na wake zao. Nikamtaja Masanja. Masanja ni mchimbaji, anashinda kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, upande wa Katoro. Hakurudishwa kanisani na mahubiri yangu. Alirudishwa na ngoma, na amewaleta wenzake wa mashimoni. Fungieni ngoma, Masanja hamtamwona tena. Nami najua akipotea atapotelea wapi.

Wamenipa nafasi moja. Sikukuu ikipita bila aibu, vijana wabaki. Aibu ikitokea, umoja unavunjwa siku hiyohiyo. Nimetoa neno langu mbele ya wote.

Mzee Ng'wandu akatikisa kichwa. "Padre, watu hawa bado hujawajua."

Nimekula ugali kwa hasira.

Jumatano, 14 Mei

Mazoezi ya nyimbo, saa tisa. Saa kumi tulikuwa nusu. Wa ng'ambo ya mto hawajafika. Hatimaye Masanja na kundi lake wakatokea, nywele nyekundu kwa udongo wa shimoni, suruali zimelowa hadi magotini. Mto umejaa. Sabina, mwalimu wa chekechea anayewaongoza vijana wa huku kanisani, akawasema mpaka nikaona aibu mimi. Wimbo mmoja ukaimbwa mara moja, vibaya, kisha wa ng'ambo wakaaga wasikutwe na giza mtoni.

Hatuwezi kufika hivi.

Ndipo nikapata wazo. Wa ng'ambo wafanyie mazoezi kwao, chini ya Masanja. Wa huku wabaki na Sabina. Makundi mawili, nyimbo zilezile, wiki ya mwisho tunawaunganisha. Nilipolisema wakaanza kutazamana na kutabasamu, polepole, wa huku na wa ng'ambo. Katekista Luhende, mtu mzima, naye akatabasamu huku anatazama miguu yake.

Nikajipongeza. Nilidhani nimewapunguzia safari.

Jumamosi, 17 Mei

Ajabu. Hakuna aliyechelewa. Sabina anasema wamefika hata wasiokuja tangu Pasaka. Nimesikia ng'ambo ni vilevile. Mapadre wenzangu wanahangaika na semina za vijana, kumbe dawa ni kugawa tu makundi.

Jumatano, 21 Mei

Sijiongezei sifa tena.

Leo nimevuka mto kuwakagua. Kabla sijafika, kijana mmoja aliyekaa juu ya kichuguu akapiga mluzi. Mlinzi! Nilipotokea, ngoma ilikuwa imefunikwa kitenge na vijana wamesimama kama wanasubiri mvua. Majembe mikononi. Nyuma yao wazee na akina mama wengi wamekaa, wamekuja kutazama. Nikauliza majembe ni ya nini. Masanja akasema ni ya shamba. Mavuno yamekwisha, shamba gani? Akacheka. Basi wakakubali kunionyesha. Ni bugobogobo, ngoma ya majembe, ya kulimia. Wanayarusha juu yakizunguka na kuyadaka mgongoni. Nzuri, siwezi kusema uongo. Wimbo wa vipaji hawajaugusa.

Nikarudi huku. Mlango wa kanisa umefungwa kwa ndani na ngoma inalia. Nikagonga.

"Nani?" Sauti ya Sabina.

"Padre."

"Padre gani?"

Parokia nzima ina padre mmoja. Nimesimama nje ya kanisa langu mwenyewe nikijieleza. Walipofungua, majembe mengine. Na haya yamepakwa rangi.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemwita Katekista Luhende nyumbani. Nikamwambia haondoki hapa mpaka anieleze.

Ameeleza kwa raha zote. Kumbe tangu enzi za babu wa babu zao wachezaji wa Usukumani ni makundi mawili, Bagika na Bagalu. Mtu anazaliwa humo kama anavyozaliwa kwenye ukoo. Mavuno yakiisha wanashindana. Hakuna mwamuzi. Makundi yanapiga ngoma wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na watazamaji wanakwenda wanakovutwa. Wenye watazamaji wengi wameshinda. Wanaoacha kupiga kwanza wameshindwa, na watatungiwa nyimbo za kejeli mpaka mavuno mengine.

Huku kanisani ni Bagika. Ng'ambo ya mto ni Bagalu. Padre aliyejenga kigango hiki zamani aliwachanganya makusudi kwenye kwaya moja, ili wasahau. Nami nimekuja na wazo langu nikawatenganisha, tena kwa baraka ya Kanisa.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Hukuuliza, Padre."

Nikamuuliza yeye yuko upande gani. Akasema katekista hana upande. Nikamwambia vizuri, nenda kale na mkeo mkapumzike. Akajikuna shingo. Mkewe ni mtoto wa ng'ambo. Tangu wiki iliyopita Luhende anakula kwa dada yake.

Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mimi nimekuja, wenyeji wamegombana.

Jumapili, 25 Mei

Nimehubiri juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Wameitikia kwa vichwa, wote, kwa unyenyekevu mkubwa. Misa ilipoisha wakanifuata sakristia. Wa huku wanataka kujua watasimama kulia au kushoto. Wa ng'ambo wanataka kujua jua litakuwa upande gani saa ya matoleo. Hakuna aliyeuliza kuhusu mwili mmoja.

Nikaamua kwa sauti kubwa. Mashindano hakuna. Majembe yabaki nyumbani. Siku ya sikukuu kundi la Sabina litaleta mkate, la Masanja litaleta divai, wimbo mmoja, ngoma moja. Wakasema sawa, Padre. Walivyosema sawa kwa haraka hivyo, nikajua nimekwisha.

Mzee Ng'wandu aliniangalia tu. Mtu akikuangalia hivyo ni afadhali akutukane.

Alhamisi, 29 Mei

Siku mbaya.

Akina mama walikuja kufyeka nyasi kwa ajili ya sikukuu. Nyuma ya kanisa, upande ambao wa huku hupenda kuchezea, jembe likafukua kifurushi. Kitambaa cheusi, mizizi, manyoya ya kuku, kitu kama unga. Mama mmoja akapiga kelele kijiji kizima kikafika. Ni samba, wanasema, dawa ya ngoma. Wapo wanaosema ni ya kuvuta watu. Wapo wanaosema hapana, hiyo imewekwa na adui ili miguu ya wa huku iwe mizito.

Nikamwaga mafuta ya taa, nikachoma palepale, nikanyunyiza maji ya baraka. Karibu na altare ya Mungu, jamani.

Mzee Ng'wandu akaitisha kikao papo hapo. Akasema aibu imefika hata kabla ya sikukuu, na neno la padre limeanguka. Aliyezoea mambo ya mashimoni anajulikana. Hakumtaja, lakini wote wakageuka kutazama njia ya mtoni. Mzee Kasubi, mjumbe kutoka ng'ambo, naye hakumtetea kijana wa kwao. Wameniambia wanangoja ifike sikukuu kwa heshima yangu tu. Siku inayofuata, umoja unavunjwa.

Jioni Masanja mwenyewe akaja parokiani kwa mguu. Alikuwa ameshasikia. Hakuketi.

"Padre, kule mashimoni hawashuki asubuhi mpaka kuku achinjwe. Nilichoka na mambo hayo nikaja huku. Sasa na huku mnanidai hayohayo?"

Nikamwambia mimi simdai. Akasema, "Ulikuwepo waliponisema. Ulisema nini?"

Sikuwa nimesema kitu. Nilikuwa nachoma mizizi. Akaniaga vizuri, kwa adabu, akaondoka. Adabu yake imeniumiza kuliko kama angenitukana.

Jumamosi, 31 Mei

Nimecheka leo mpaka nikakaa chini, halafu nikataka kulia.

Asubuhi Mzee Ng'wandu kaja kwa baiskeli. Peke yake, kofia mkononi. Nikadhani anakuja kuungama, nikamwahidi siri, nikatafuta stola. Akasema hapana, siji kuungama, nimekuja kulalamika.

Analalamika kwamba nimechoma dawa yao.

Nikamwambia rudia. Akarudia, tena kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa. "Umechoma ya kwetu, Padre. Ya kwao umeiacha. Hiyo ni haki gani?" Yeye mwenyewe ndiye aliyeileta, kutoka kwa mganga wa upande wa Ushirombo, na kuizika kwa mkono wake, kwa sababu hawezi kufa akiwa ameona Bagika wanashindwa kwenye uwanja wa kanisa lao. Si ya kudhuru mtu, anasema. Ni ya kuvuta macho tu. Ilipofukuliwa aliona aibu, hakujua aseme nini, basi akasema lile alilosema. Na ya ng'ambo iko wapi? Iko chini ya jiwe la mlango wa sakristia. Kaileta Mzee Kasubi.

Mwenyekiti wa halmashauri na mjumbe wake! Hao ndio wanaotaka vijana wafukuzwe kwa kuleta aibu. Nyani haoni kundule.

Tukaenda wote wawili mpaka kigangoni kwa pikipiki, mzee amenishika kiuno. Tukainua jiwe. Ilikuwepo. Nimekuwa nikiiruka kila Jumapili na kalisi mkononi. Nikaichoma. Mzee akasema sasa ni sawa kwa sawa.

Nikamwambia si sawa hata kidogo. Kuna kijana ameharibiwa jina. Nenda kamwambie. Akakataa. Hakukataa kwa jeuri. Alikataa kama mtu uliyemwambia aruke hadi ng'ambo. Mzee hamwombi radhi kijana, hajawahi kuona. Kisha akaniomba nisimwambie mtu. Nami, mjinga, nilikuwa nimeshamwahidi kabla hajaanza kusema, nikidhani ni kitubio.

Angekuja kuungama ningefunga mdomo na moyo ungetulia. Hii ni siri ya kawaida tu, na inawasha kama upupu.

Jumatatu, 2 Juni

Nimekwenda mashimoni kumtafuta Masanja. Vumbi, karasha zinasaga mawe, mtu hasikii hata mawazo yake. Kila niliyemuuliza alinisalimia Tumsifu Yesu Kristo kisha akanidanganya. Huku mgeni akimuulizia mtu, wanamficha kwanza.

Hatimaye akapanda kutoka shimoni kwa kamba, mwekundu mwili mzima, macho tu yanaonekana. Nikamwambia najua si yeye. Nina hakika kabisa.

Akauliza ni nani basi.

Nikasema siwezi kusema.

Akakaa juu ya kiroba cha mawe. "Ukijua wewe na wao hawajui, Padre, inanisaidia nini?"

Nilimwomba aje kesho, watu wake hawawezi bila yeye. Akasema wataweza, ngoma haina mwenyewe. Kuna maduara mapya upande wa Chato, wenzake wanaondoka wiki hii, huenda akaenda nao. Huko hawaulizi mtu anasali wapi. Nikambariki, akainamisha kichwa, akashuka tena.

Nimerudi nimechoka, nimekasirika na kila mtu. Na Ng'wandu. Na Kasubi. Na Luhende na "hukuuliza" yake. Na mimi zaidi. Vijana hawa watavunjiwa umoja wao kwa kosa la wazee, na mimi ndiye ninayejua, na mimi ndiye nimenyamaza.

Jumanne, 3 Juni

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa bado kinavuma.

Kanisa lilijaa. Waliokosa nafasi walisimama madirishani. Kasula nyekundu, joto la kufa. Masanja hayupo. Kundi lake lilikuwepo, limekaa kimya upande wa kushoto, na la Sabina kulia. Masomo vizuri. Mahubiri nayo vizuri, nilisema vijana wale mashahidi walikwenda pamoja, hakuna aliyetaka kumtangulia mwenzake. Nilidhani wamenielewa.

Saa ya vipaji. Nikakaa. Kimya.

Mkate haukuja. Divai haikuja. Nikamtazama Sabina. Sabina anawatazama wa ng'ambo. Wa ng'ambo wanamtazama Sabina. Anayetangulia amejionyesha mapema, na mwenzake atajua pa kumpigia. Nikakohoa. Katekista akakohoa. Kanisa zima likakohoa.

Halafu ngoma zikalia. Mbili. Kwa pamoja, nyimbo mbili tofauti, nje. Sijui ngoma ya pili ilifichwa wapi, sijui majembe yalitoka wapi. Kundi moja likatoka kwa mlango mkubwa, lingine mlango wa pembeni, na waumini wakawafuata wote. Walianza wa madirishani, kisha viti vya nyuma, kisha vya mbele, kisha kwaya. Nikabaki na bibi wawili, mmoja amelala.

Nikatoka na kasula yangu kuwarudisha. Ndipo nikaona kosa langu jipya. Nikielekea kulia, wa kulia wanapiga vigelegele, padre amekuja kwetu! Nikielekea kushoto, hivyohivyo. Miguu yangu imekuwa kura. Nikarudi nikasimama katikati ya mlango nikishika miimo, siendi mbele wala nyuma, nikipaza sauti ambayo hakuna aliyeisikia.

Na katikati ya vumbi upande wa kulia, mbele ya vijana wote, ni nani? Mzee Ng'wandu. Ametupa koti. Jembe linapanda juu, linazunguka, analidaka mgongoni bila kuangalia. Umri wote ule! Upande wa pili Mzee Kasubi naye, kiuno kama cha kijana. Hao ndio walioogopa aibu. Watu wakawa wanakimbia huku na kule, vilio, vicheko, na polepole wa ng'ambo wakaanza kuzidi. Kweli walizidi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiona.

Hapo Masanja akatokea njia ya mtoni. Ametoka shimoni moja kwa moja, shati safi juu ya mwili mwekundu. Watu wake walipomwona wakapiga yowe, wakampisha kwenye ngoma. Nikajua imekwisha, sasa hawanyamazi mpaka jioni. Alishika fimbo. Akapiga kidogo, watu wakaanza kumiminika upande wake kama ng'ombe wanaokwenda majini.

Akaangalia mlangoni, akaniona nimesimama na kasula.

Akaweka viganja vyote viwili juu ya ngozi. Ngoma ikafa.

"Padre hajamaliza Misa," akasema. Walio karibu tu ndio waliosikia. Kisha akasema kwa nguvu, wote wasikie, "Tumeshindwa. Ingieni."

Wa huku wakalipuka kwa shangwe. Wa ng'ambo hawakuamini. Shangazi yake mwenyewe alitema mate chini. Kijana mmoja alimsukuma kifuani, na Masanja hakurudisha. Akaibeba chupa ya divai kutoka kwa msichana aliyekuwa nayo, akaingia kanisani wa kwanza. Wakamfuata. Sabina akachukua mkate. Wa huku nao wakaingia, sasa watabaki nje kushindana na nani?

Nilipokea divai mkononi mwake. Nilitaka kumwambia kitu. Nikasema "Amina" mahali ambapo hapana Amina.

Nilikuwa na hasira mpaka kwenye Mtakatifu, baadaye ikaniishia. Komunyo, mstari mrefu. Mzee Ng'wandu hakuja kukomunika. Alikaa kitini pake, koti magotini, jasho linamtoka, anaangalia sakafu.

Baada ya Misa wakala, wakacheza, na wimbo wa kejeli ulikuwa umeshatungwa. Ni wa mchimba dhahabu aliyeikuta akaitupa. Wanauimba vizuri.

Alhamisi, 5 Juni

Halmashauri. Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Nikauliza, je, kumekuwa na aibu siku ya sikukuu? Kama ipo, ni ya nani?

Wajumbe wakatazama chini. Mzee Kasubi alishika kiuno chake, kinamuuma bado. Wakapitisha bila kupinga, umoja wa vijana ubaki, ngoma zibaki. Kuhusu kile kifurushi, Mzee Ng'wandu akasema jambo hilo lifungwe. Lifungwe hivyohivyo, bila kutaja mtu, maana yake kila mtu aendelee kuamini anavyoamini. Nikamtazama mpaka akavaa kofia ndani ya kanisa bila kujua.

Nimepata nilichokitaka na sina furaha. Luhende, ambaye sasa anakula kwa mkewe tena, ameniambia bila mimi kuuliza. Maendeleo. Wa ng'ambo wamemtoa Masanja kwenye ngoma. Aliyenyamazisha ngoma inayoshinda hawawezi kucheza naye. Na hata huku wanaoimba ushindi wanajua walipewa, kwa hiyo wanamcheka zaidi. Wenzake wa mashimoni wanaondoka Jumatatu kwenda Chato.

Vijana wote wamepona isipokuwa yule niliyemsemea.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Misa mbili. Hakuna pancha. Masanja hakuja kwa Misa.

Mchana nikavuka mto. Maji yamepungua, yanafika kwenye vifundo. Nilimkuta nje kwa mama yake, ameanika ngoma juani, anakaza ngozi. Ni ngoma yake mwenyewe, ya marehemu baba yake, ile ya kundi wameshaichukua. Begi lake limekaa mlangoni. Mama yake, Mama Masanja, akanipa kigoda na maziwa, akaingia ndani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani na yote niliyaona hayafai.

Majirani walikuwa nje, kila mmoja kwake. Wanatuona, wanajifanya hawatuoni.

Nikasikia baiskeli. Mzee Ng'wandu, anaisukuma, suruali imekunjwa, miguu imelowa. Watu wanasema hajavuka mto huu kwenda kwa Bagalu tangu alipooa. Masanja akasimama akampa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba. Mimi hakunisalimu kabisa, alinipa tu baiskeli yake nishike, kama mti.

Hakuomba radhi. Sikutegemea. Alisimama mbele ya ngoma, mikono nyuma, mahali pale ambapo mtazamaji husimama.

"Piga, ngosha," akasema. Ngosha ni mwanaume, si kijana.

Masanja akamtazama muda mrefu. Akanitazama mimi. Kisha akapiga, taratibu, kama anayejaribu ngozi. Majirani wakageuka. Mmoja akasogea, akasimama. Shangazi yake akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Mzee hakucheza wala kutikisa kichwa. Alisimama upande wa Bagalu, juani, watu wote wakimwona, mpaka ngoma ilipokwisha. Kisha akachukua baiskeli yake.